Fundi Aliyekataa Kutaja Bei

Soketi ya jikoni kwa shangazi yangu ilianza kunuka plastiki ya moto wiki ya tatu baada ya jiko la umeme kuingia nyumbani. Nyumba iko Kyambogo, kwenye mteremko unaoshuka Banda. Ni ya zamani, ina vyumba vitatu, na nyuma yake kuna mizigo minne, kama tunavyoviita Kampala vile vyumba vya kupanga vilivyojengwa mstari mmoja. Bei ya makaa ilikuwa imemchosha, akanunua jiko la plati mbili. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Tangu 2022, Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme ya Uganda, ERA, imepanga bei kwa ngazi: nyumba ikishapita uniti 80 kwa mwezi, zinazofuata hadi ya 150 huuzwa kwa bei ya chini, kusudi watu wapikie umeme. Lakini nyaya za nyumba ile zililazwa ukutani zamani, wakati kifaa kizito kuliko vyote kilikuwa pasi.

Fundi wa kwanza alikuja na bisibisi mbili, testa na tepu nyeusi. Alibadilisha soketi. Shangazi akamwambia pia kwamba breka ya jikoni inaanguka mara kwa mara, hasa asubuhi. Akaitoa ile ya ampea 20, akaweka ya 32. Jiko likawaka bila kukatika, akalipwa, akaondoka. Dakika arobaini hazikufika. Siku ya tisa harufu ikarudi, na safari hii ilikuwa inatoka ndani ya ukuta.

Nimeichambua kazi hii kwa sababu nimeiona ikirudiwa kwenye nyumba nyingi, na kwa sababu namna fundi wa pili alivyopatikana inafaa kuelezwa hatua kwa hatua.

Tuanze na breka. Breka hulinda waya. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ukiwa ndani ya paipu ukutani, hubeba kama ampea 24, na pungufu ya hapo ukibanwa na nyaya nyingine au ukipita mahali pa joto. Sasa hesabu asubuhi ya shangazi: jiko wati 2,500, birika 2,200, pasi 1,200. Jumla ni wati 5,900, na kwa volti 240 hizo ni karibu ampea 25. Friji bado. Mizigo ya nyuma bado, nayo, kama tulivyokuja kugundua, ilikuwa inakula kwenye sakiti hiyo hiyo ya jikoni. Breka ya 20 ilipoanguka ilikuwa inafanya kazi iliyowekewa. Kuweka ya 32 juu ya waya ule ni kumfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele usiku.

Kutafuta fundi mwingine kulianza kwa kibali. Sheria ya Uganda inataka anayefunga nyaya za nyumba awe na kibali cha ERA, na vibali hivyo vina madaraja ya herufi kulingana na ukubwa wa kazi. Ambaye hana, na hasa yule anayechezea mita na kuunga umeme gizani, Kampala tunamwita kamyufu. Msomaji wa Dar es Salaam atamtambua kwa jina la kishoka. Kibali kinaulizwa mlangoni, kwa jina na namba, na jina linathibitishwa ERA kabla ngazi haijaegemezwa ukutani. Hili halina mjadala, wala halihitaji maneno mengi.

Ila kibali hakikutosha kutuchagulia mtu. Tulipata wawili wenye vibali halali. Mmoja alitaja bei kwenye simu, kwa pointi: kila taa pointi moja, kila soketi pointi moja, zidisha, umemaliza. Wa pili alisema hawezi kutaja bei. Alitaka kwanza alipwe kibarua cha siku moja, aje apime, aandike alichokikuta, ndipo tuzungumze.

"Mwanangu," shangazi akaniambia, "huyu anataka kulipwa kwa kutazama?"

Nilimwelewa. Hata hivyo nilimsihi amchukue huyo wa pili, na sababu yangu ni hii. Bei ya pointi inafaa nyumba mpya, ambako paipu ziko wazi na kila kitu kinahesabika. Kwenye nyumba ya zamani bei hiyo inamlipa fundi kwa kuongeza matundu, na haimlipi hata shilingi kwa kutafuta ubovu. Fundi wa pointi akitumia saa tatu kusaka kiungo kilicholegea ndani ya ukuta, saa tatu hizo zinatoka mfukoni mwake. Hata awe mwaminifu namna gani, mpango wa malipo unamsukuma aruke kwenda kwenye soketi inayofuata. Tulimchukua aliyekataa kutaja bei.

Alikuja saa mbili asubuhi na kijana wake wa kujifunza. Baada ya kumsalimu shangazi, jambo la kwanza aliloomba ni kuchomoa kila kitu nyumbani: friji, televisheni, chaja za simu, balbu zote. Akazima swichi kuu iliyo baada ya mita. Mita yenyewe na lakiri zake hakuzigusa. Kutoka kwenye nguzo hadi kwenye mita ni kazi ya UEDCL, iliyochukua usambazaji tarehe 1 Aprili 2025 mkataba wa miaka 20 wa kampuni iliyoitwa Umeme ulipokwisha. Baada ya mita ni mali ya mwenye nyumba, pamoja na hatari zake. Kuna majirani waliotarajia kwamba mabadiliko yale ya kampuni yangeponya hata swichi zao za chumbani.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha ganda la waya, kwa mashine ambayo mafundi wanaiita mega. Inasukuma volti 500 za mkondo mnyoofu kati ya nyaya zisizotakiwa kugusana, na kusoma ni umeme kiasi gani unaopenya. Ganda zima husoma megaohmu nyingi, mara nyingine mashine inafika mwisho wa kipimo chake. Chini ya megaohmu 1 kuna tatizo. Sakiti ya taa ilisoma 0.2. Kijana akafungua taa moja baada ya nyingine hadi akaifikia ya barazani, na ndani yake mlikuwa na maji ya mvua na sisimizi. Walipoitenganisha, namba ikapanda kupita 200. Testa ya bisibisi isingeonyesha hata kidogo. Testa inajibu swali moja tu: je, hapa pana umeme? Umeme ulikuwepo, na taa ilikuwa inawaka kila jioni.

Kisha soketi, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Kwenye bodi aliona nyaya mbili zinazotoka kwenye breka moja ya jikoni. Hiyo ni dalili ya mzunguko wa pete, mtindo wa Kiingereza tuliorithi pamoja na plagi za miguu mitatu: waya unatoka kwenye bodi, unapita soketi zote, unarudi pale pale. Kila soketi inalishwa kutoka pande mbili, ndiyo maana waya wa 2.5 kwenye pete unaruhusiwa breka ya 32. Fundi wa kwanza angeweza kujitetea kwa hoja hiyo, na ingekuwa hoja ya kitaalamu. Lakini pete ina sifa moja mbaya: ikikatika mahali popote, soketi zote zinaendelea kufanya kazi, kila upande ukilishwa na waya mmoja. Hakuna anayejua kitu.

Fundi wetu alizitoa ncha mbili za kila waya na kupima kutoka mwanzo hadi mwisho. Waya wa 2.5 wenye urefu wa mita 50 unapaswa kusoma chini kidogo ya nusu ohmu. Waya wa nyutro ulisoma hivyo. Wa ardhi ulisoma hivyo. Wa moto haukusoma chochote. Pete ilikuwa imekatika.

Akakaa kimya kidogo, halafu akasema aliyeweka breka ya 20 hapo zamani yawezekana alijua. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Kuna fundi aliyewahi kupita nyumba hii, akaikuta pete imekatika, na kwa kukosa muda au fedha za mwenye nyumba akashusha breka ili waya usiungue. Ulinzi wake ulidumu hadi siku alipofika mwenzake mwenye bisibisi mbili. Laiti angeandika mstari mmoja kwenye mlango wa bodi.

Walipochimba plasta nyuma ya soketi inayonuka walikuta kisanduku kilichofukiwa. Humo ndimo mtu aliwahi kuchepusha umeme kwenda kwenye mizigo. Ncha moja ya waya wa moto ilikuwa imechomoka, nyingine zimesokotwa kwa mkono na kufungwa tepu iliyoyeyuka. Kiungo kama hicho kikiwa na nusu ohmu tu, na ampea 20 zikapita, hutoa joto la wati 200: sawa na balbu mbili za zamani za wati 100, zimefungiwa ndani ya ukuta bila hewa. Shangazi alisogea, akatazama tundu lile, asiseme kitu.

Kipimo cha mwisho siku hiyo kilikuwa nje, kwenye fimbo ya ardhi. Nyumba ile inategemea fimbo yake yenyewe. Fundi alichomeka vijiti viwili vya kupimia kwenye udongo mwekundu wa bustani, akavuta nyaya, akasoma ohmu 60. Waya moto ukigusa bati la friji, volti 240 zikagawanywa kwa ohmu 60, zinapita ampea 4. Breka ya 20 haitambui ampea 4, ya 32 ndiyo kabisa. Friji itakaa na umeme kwenye mlango wake hadi mtoto aushike kwa mkono wenye maji. Kiangazi, udongo ukikauka, ohmu zinapanda na hali inazidi kuwa mbaya. Dawa yake ni swichi inayolinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na kukata pale tofauti inapofika miliampea 30. Nyumba haikuwa nayo. Kama kungekuwa na fedha za kitu kimoja tu katika kazi yote hii, ningezitia hapo.

Baada ya siku hiyo ndipo bei ilipotajwa, ikiwa imeandikwa kwenye karatasi: kilichokutwa, kitakachofanywa, vifaa, na kipimo kitakachothibitisha kila kimoja. Malipo yaligawanywa mara tatu, na fungu la mwisho lilisubiri vipimo virudiwe mbele yetu. Jiko lilipewa waya wake peke yake wa milimita 6 kutoka kwenye bodi, wenye breka yake. Pete iliungwa upya, ikasoma chini kidogo ya nusu ohmu kwenye nyaya zote tatu. Fimbo ya pili ilipigwa mita chache kutoka ya kwanza, na ile swichi ya miliampea 30 ikafungwa kwenye bodi.

Vifaa tulinunua sisi, fundi akiwa nasi dukani, risiti kwa jina la shangazi. Alinionyesha namna ya kuukagua waya. Wa 2.5 una nyuzi saba, kila moja ikikaribia milimita 0.67. Ukihesabu saba lakini ni nyembamba, umeuziwa jina. Kwaruza uzi kwa kisu: ukikuta weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, itafutwe pia, ingawa alama huchapwa na yeyote mwenye mashine, na kisu hakidanganywi. Roli la kwanza tulilirudisha. Muuzaji alilipokea bila kubisha, nikajua hatukuwa wa kwanza.

Umeme uliporudishwa, swichi mpya ilikaa saa moja, ikakata. Hapa ndipo mafundi wengi huiruka, wakasema swichi ni mbovu. Huyu alichomoa vifaa kimoja kimoja hadi akafika kwenye birika, ambalo koili yake ilikuwa imepasuka na kuvujisha umeme ndani ya maji. Shangazi alikuwa amelitumia miaka. Lilitupwa siku hiyo hiyo.

Ndani ya mlango wa bodi sasa kuna karatasi iliyofunikwa kwa nailoni. Kila breka ina jina, ukubwa wa waya wake, namba ya mega na tarehe. Shangazi hubonyeza kitufe cha majaribio cha ile swichi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nyumba inazimika, anairudisha, anaweka alama kwa kalamu. Mizigo imeondolewa jikoni na kuwekewa breka yake, lakini nyaya za ndani ya vyumba vile vinne bado ni zile zile za zamani. Fedha zilikwisha. Mstari wao upo mwisho wa karatasi, na kwenye safu ya kipimo fundi ameandika kwa herufi kubwa: BADO.