Pamba Lazima Ikauke Kwanza

Mtu akitaka kujua kama fundi wa fulana anaijua kazi yake, atazame anachofanya kabla hajaigusa karatasi yenye picha. Ninaye fundi mmoja wa kusema habari zake. Yuko Ngamiani, mjini Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, kuanzia ya kwanza hadi ya 21. Karakana yake ni sebule. Ana meza ya mninga, pasi ya umeme isiyo na mvuke, printa ya wino kama zilizoko kila steshenari, mkasi mkali na pakiti ya karatasi za kuhamishia picha. Anayepita mlangoni huona kazi nyepesi: unachapa, unabandika, unapiga pasi, umemaliza. Mimi nimekaa pale nikamtazama kwa saa nyingi, na ninamweka safu moja na mshona kofia za viua na mchonga milango.

Kitu cha kwanza anachofanya ni kuipiga pasi fulana tupu. Haipigi ili kuondoa mikunjo tu. Anaipiga mbele, anaigeuza, anaipiga nyuma, anarudi mbele tena, na mteja kijana aliyekuwa anasubiri siku hiyo akachoka.

“Dada, si imeshanyooka?”

“Imenyooka, mdogo wangu, ila bado ina maji.”

Kijana akaishika, akasema ni kavu. Dada hakubishana naye. Alichukua kioo kidogo cha mkono, akakilaza juu ya kitambaa kilichokuwa cha moto, akahesabu kidogo kimoyomoyo, akakiinua. Kioo kilikuwa na ukungu.

Hapo ndipo penye siri kubwa ya kazi hii katika pwani yetu. Pamba hunywa maji kutoka hewani. Hata katika hewa ya wastani, kitambaa cha pamba unachokishika ukakiona kikavu hubeba maji ya karibu asilimia 8 ya uzito wake, wakati poliesta haifikishi hata asilimia 1. Kwa hiyo fulana ya gramu 160 iliyotoka kabatini ina gramu kumi na kitu za maji ndani ya nyuzi zake. Na hiyo ni hewa ya wastani. Tanga wakati wa masika, chumvi jikoni inapoloa bila kumwagiwa kitu, ni zaidi ya hapo. Ukibandika karatasi juu ya maji hayo kisha ukaleta pasi ya moto, maji yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, na juu yake kuna ngozi ya plastiki inayojaribu kushika. Inaumuka vipele vidogo. Siku ile hutaviona. Utaviona baada ya kufua mara mbili, picha inapoanza kubanduka vipande vipande, na utamlaumu muuza karatasi.

Karatasi yenyewe inastahili kuelezwa, maana wengi wanaitumia bila kujua inafanyaje kazi. Upande mmoja ni karatasi ya kawaida. Upande wa pili umepakwa tabaka la plastiki laini linalopokea wino wa printa. Joto la pasi linaliyeyusha tabaka hilo, mkono unalikandamiza liingie katikati ya nyuzi za pamba, na likipoa linaganda humo pamoja na wino. Kumbe kinachoshika ni plastiki, na wino umebebwa tu. Ukilielewa hilo, mengine yote yanafuata: kwa nini joto lifike sawasawa kila mahali, kwa nini mkono uwe mzito, kwa nini fulana isifuliwe siku hiyo hiyo.

Kazi ya siku ile ilikuwa picha ya babu wa kijana, nahodha wa jahazi katika uhai wake, amesimama ufukweni na kanzu nyeupe na kofia. Familia ilitaka fulana tano. Dada aliifungua picha kwenye kompyuta akaiangalia muda mrefu, kisha akauliza fulana ni za rangi gani. Kijana alikuwa amenunua za njano mbivu. Akaambiwa azirudishe. Sababu ni kwamba printa haina wino mweupe. Popote penye weupe kwenye picha, printa haichapi kitu, na kinachoonekana pale ni kitambaa chenyewe. Kanzu ya babu juu ya fulana ya njano ingekuwa kanzu ya njano. Juu ya fulana nyeupe, kanzu hiyo inakuwa pamba yenyewe, na mikunjo yake inachorwa kwa vivuli tu. Kwa fulana za rangi nzito ipo karatasi ya aina nyingine, yenye tabaka jeupe chini ya picha, lakini ni nene, inatoa jasho mwilini, na dada haipendi. Mimi pia siipendi.

Kabla ya kuchapa, picha inageuzwa kushoto kulia, kwa kuwa itabandikwa kifudifudi. Hili kila mtu hulijua, na bado maneno yaliyogeuka ndiyo hasara ya kawaida kuliko zote. Shida kubwa huja kwenye fulana za watoto wa madrasa wakati wa Maulidi, zenye maandishi ya Kiarabu. Herufi za Kilatini zikigeuka jicho linashtuka mara moja. Za Kiarabu, kwa fundi asiyezisoma kila siku, zinaweza kumdanganya, maana zinaanzia kulia na umbo lake ni la mviringo hata zikiwa kinyume. Dada ana utaratibu wake: anaishika karatasi iliyochapwa mbele ya dirisha, upande wa nyuma ukimwelekea, na anasoma neno moja moja kwa sauti. Asiposoma vizuri, haikati.

Kukata nako kuna akili. Plastiki ipo karatasi nzima, hata pasipo na wino, na sehemu tupu ikibaki inaacha kioo kinachong'aa kuzunguka picha na baadaye kuwa cha manjano. Mkasi hupita karibu kabisa na mstari wa picha. Kila kona anaizungusha, kwa kuwa kona iliyochongoka ndiyo ya kwanza kunyanyuka katika beseni la kufulia. Kisha anaikunja fulana katikati kwa urefu, anaipiga pasi mkunjo mmoja mwembamba uwe mstari wa kati, anaikunjua, na anashusha vidole vinne kutoka shingoni. Hapo ndipo picha inapoanzia. Kwa fulana ya mtoto, vidole viwili.

Watu wengi nyumbani hupiga pasi juu ya godoro au blanketi lililokunjwa. Kwa nguo ya kawaida hakuna ubaya. Kwa kazi hii blanketi linakula nguvu yote ya mkono. Dada anatandika foronya moja tu juu ya mninga, tena baada ya kuikagua isiwe na mshono chini ya picha. Pasi iko kwenye nukta tatu, joto la pamba, na mvuke hautakiwi hata kidogo; pasi za mvuke zina matundu chini, na kila tundu ni doa lisilopata joto.

Halafu anasimama kwa ncha za vidole vya miguu. Hapo ndipo uzito wake wote unapohamia kwenye viganja viwili vilivyoshika pasi. Haisugui. Anaiweka, anakandamiza, anahesabu kama sekunde kumi na tano, anainyanyua, anaiweka tena pembeni kiasi kwamba nusu yake inarudia alipotoka. Karatasi ya A4 ni pana kuliko pasi, kwa hiyo anatembea nayo kutoka katikati kwenda kingoni, na kingoni anarudia mara mbili. Karatasi nzima inakula dakika mbili au tatu. Shingo yake inatoka jasho, feni imezimwa kwa makusudi, na hasemi na mtu. Madobi wa zamani wa mji huu, wale wa pasi ya mkaa, wangeuelewa mkao ule mara moja.

Kubandua ni suala la aina ya karatasi: nyingine hubanduliwa ikiwa ya moto, nyingine mpaka ipoe kabisa, na maelezo ya pakiti lazima yasomwe. Yake ni ya kupoa. Alianza na kona moja, akaivuta karatasi ikiwa imelala karibu kabisa na kitambaa, polepole, bila kusimama. Kwenye kofia ya babu palikuwa na kivuli kidogo kilichoanza kuifuata karatasi. Akairudisha pale pale, akakandamiza tena, akasubiri ipoe tena. Mara ya pili kilibaki.

Ufundi huu wa nyumbani ni mchanga. Marekani katika miaka ya 1970 maduka yaliuza michoro iliyokwisha kuchapwa, mteja akichagua kisha ikapigwa kwenye fulana yake. Kuchapa picha yako mwenyewe kulingoja printa za wino. Hewlett-Packard walitoa DeskJet mwaka 1988 kwa bei ya karibu dola 1,000 za Marekani, fedha ambazo hapa hakuna nyumba ingezitoa kwa ajili ya printa. Mwaka huo huo Coastal Union, timu yetu ya soka ya Tanga, walitwaa ubingwa wa ligi, na shabiki wao wa uwanja wa Mkwakwani aliyetaka sura ya mchezaji anayempenda kifuani hakuwa na njia. Leo mtu mmoja anaweza kuagiza fulana moja. Kwa kazi za mamia, kama za kampeni, skrini na rangi bado ni bora na rahisi, na dada huwaelekeza wateja huko bila kinyongo. Jezi za poliesta pia huzikataa: joto la pamba linazikunja na kuziachia mng'ao.

Jambo la kuvaa maneno, hata hivyo, ni letu siku nyingi. Kanga ina pindo, mji na jina, na majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuja za Kilatini. Husemwa kwamba Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zilijulikana kwa maandishi ya “Mali ya Abdulla”, ndiye aliyeanza kuziwekea misemo. Ninaona mpangilio ule ule katika kazi ya dada: picha katikati, nafasi ya kupumua kuizunguka, na chini maneno machache kwa herufi kubwa. Wateja wengine huleta sentensi nne. Yeye huwarudisha wakachague maneno sita.

Fulana za babu zilipotoka, alizikunja picha ikiwa ndani, akampa kijana masharti: zisifuliwe mpaka kesho kutwa, zifuliwe zimegeuzwa nje ndani kwa maji baridi, pale penye picha pasifikichwe, dawa ya kung'arisha isitiwe, na zianikwe kivulini. Kijana alipoondoka, dada alikusanya vipande vya karatasi vilivyobaki pembeni mwa zile A4. Havitupi. Kwenye kila karatasi, pale ambapo picha haifiki, huwa amepanga majina madogo ya watoto wa mtaani, ambayo mama zao hupitia jioni na mashati ya shule na kanzu za madrasa yabandikwe ndani ya shingo.