Sekunde ya Kwanza ya Mota

Mota ya singo fezi haijui kuanza yenyewe. Ikishashika mwendo itasaga muhogo tangu asubuhi mpaka jua lizame ng'ambo ya Malawi. Ikiwa imesimama, ukiipa umeme kwenye koili kuu peke yake, itanguruma tu pale ilipo, itapata moto, na usipowahi kuizima itaungua. Sumaku inayotokana na fezi moja huja na kurudi palepale, haizunguki. Ajabu ni kwamba ukiisukuma puli kidogo, kulia au kushoto, mota inafuata upande huo huo na kukimbia. Wapo wanaoiwasha hivyo kwa mkono, na ni jambo la kuwakataza kwa ukali, maana mkanda hauna huruma na vidole.

Katika kutatua tatizo hilo ndipo ninapouheshimu ufundi wa umeme kuliko mahali pengine popote. Nikola Tesla alipata hataza za mota ya mkondo geu huko Marekani mwaka 1888, na wazo lililobaki mpaka leo ni kuongeza koili ya pili, ya kuwashia, ambayo umeme wake unapishana kidogo na ule wa koili kuu. Kapasita ndiyo inayoleta mpishano huo. Mota ikikaribia robo tatu ya mwendo wake, swichi ndogo iliyo kwenye shafti inafunguka kwa nguvu ya mzunguko na kuiondoa koili ya kuwashia kazini. Fundi mzoefu huusikia mlio wake, "ta!", hata mashine ikiwa na kelele. Asipousikia anazima mara moja.

Hapa Mbamba Bay sekunde hiyo ya kwanza ina ugumu wake. Songea iliungwa na gridi ya Taifa mwaka 2018, kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, na tangu hapo jenereta za dizeli si tegemeo tena. Lakini sisi wa Wilaya ya Nyasa tuko mkiani mwa laini. Umeme umeshuka milima ya Umatengo, umepita vijiji vingi, na vingine vimevutiwa waya wa fezi moja tu. Mwenye mashine ya kusaga, mwenye friza la samaki na mwenye pampu ya maji wote wanaegemea hapo hapo.

Mvuvi anajua kwamba mtumbwi huwa mzito kuliko wakati wote ungali mchangani. Mota nayo ni hivyo: inapoanza hudai umeme mara tano hadi saba ya ule inaoutumia ikiwa kazini. Waya ukiwa mrefu na mwembamba, volti zinaporomoka, taa za jirani zinafifia. Na nguvu ya kuzungusha haipungui sawa na volti. Hupungua kwa kipeo cha pili. Volti 230 zikishuka hadi robo tatu yake, nguvu inayobaki ni zaidi kidogo tu ya nusu. Mota inashindwa kuanza, inaungua, inaitwa mbovu, inapelekwa kusukwa upya, inarudi na shaba mpya na vanishi inayong'aa, kisha inaungua tena kwa sababu ileile.

Fundi anayestahili sifa haanzi na bisibisi. Anabana mita kwenye vituo vya mota yenyewe, anamwomba mwenye mashine awashe, anaitazama namba inavyoanguka. Kisha anafuata waya kwa macho mpaka kwenye luku. Mara nyingi ugonjwa uko hapo: waya wa taa umevutwa mpaka kwenye banda la mashine. Baada ya hapo ndipo anaifungua mota, anasugua ncha za swichi kwa msasa laini, anaitoa kapasita chaji kwa taa badala ya kuipiga shoti, na anasoma maikrofaradi zake. Kapasita ya kuwashia imeumbwa kwa kazi ya sekunde chache. Ikikaa kwenye umeme muda mrefu huvimba na kupasuka.

Hapo ndipo linapokuja suala la softi-stata, kile kifaa kinachoipa mota volti kidogo kidogo. Kazi yake ni nzuri kwelikweli. Katika kila nusu ya wimbi, mara mia kwa sekunde, hukata sehemu ya umeme, halafu huipunguza sehemu hiyo hadi mota ipate wote. Kwenye pampu ya maji na kompresa, zikianza zikiwa nyepesi, inaokoa mambo. Zile zilizotengenezwa mahsusi kwa kompresa za singo fezi huongeza hata kapasita ya muda, kisha zenyewe zinaitoa.

Kwenye mashine ya kusaga iliyojaa ni balaa. Volti zikipunguzwa, nguvu inapungua, mota inachelewa kufika mwendo, swichi ya shafti inachelewa kufunguka, na kapasita inapikwa. Fundi anayejua atasema softi-stata haifai hapo, ingawa angepata faida kuiuza. Atamfundisha mwenye mashine kuwasha ikiwa tupu, mahindi au muhogo yafuate baada ya mwendo kukamilika, na atambadilishia waya mwembamba kwa mnene. Kukataa huko nakuhesabu kuwa sehemu ya ufundi, sawa na kusuka koili.

Kwa hiyo, ewe mwenye mashine wa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, kabla hujanunua kifaa chochote cha kuwashia, mlipe fundi apime volti mota inapoanza, siyo ikiwa imetulia. Na akikwambia tatizo ni waya wako, usitafute fundi mwingine, nunua waya.