Kipimo cha Saisi

Duka la vyakula vya mifugo pale Tandika halina siri. Magunia yamesimama midomo wazi kuanzia mlangoni: pumba za mahindi, pumba za mpunga, mashudu ya alizeti, mashudu ya pamba, dagaa waliosagwa, chokaa, chumvi. Nyuma kabisa inanguruma mashine ya kuchanganyia, na karibu kila anayeingia amefuata chakula cha kuku. Mwenye ng'ombe wawili uani kule Mbagala naye yumo. Mwenye farasi ni nadra, na akiingia huwa mteja msumbufu. Huzamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi moja kutoka chini, akainusa, akaipuliza, kisha mara nyingi akairudisha na kwenda zake bila kununua. Wauzaji humwona mtu wa maringo. Mimi namwona fundi, na ninaandika kumsifu.

Farasi wa Dar es Salaam ni wa kuhesabika. Jeshi la Polisi lina kikosi chake cha mbwa na farasi, na wapo wachache wa watu binafsi wanaofugwa kwa kupandwa. Si kwamba hatuna mapenzi nao. Pwani yenyewe haikuwapokea. Machi 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na farasi wawili, mmoja wao wa Kiarabu aliyetunukiwa na Sultani Barghash. Wote wawili walifia Kingaru, safari ikiwa bado mbichi, na yule wa Sultani alipopasuliwa alikutwa na minyoo tele tumboni. Ongeza mbung'o, ongeza na usubi wanaoeneza tauni ya farasi, utaelewa kwa nini misafara ya bara ilitegemea mabega ya watu na migongo ya punda. Ndiyo maana saisi, yaani mtunza farasi, anayejua kazi haanzi na chakula, anaanza na dawa ya minyoo. Bila hiyo, shayiri ya bei ghali inanenepesha wasiostahili.

Kinachofuata ni kulijua tumbo. Farasi wa kilo 450 ana mwili wa kutisha lakini mfuko wake wa tumbo ni mdogo, lita 8 hadi 15 tu, na hauna njia ya kutapika. Kazi kubwa ya kusaga majani hufanyika nyuma, kwenye utumbo mpana, na wadudu wasioonekana kwa macho. Ukimmwagia nafaka nyingi kwa mkupuo mmoja, wanga unapita tumboni haujasagwa, unawafikia wadudu hao, unachacha na kugeuka tindikali. Hapo ndipo msokoto wa tumbo unapoanza, na wakati mwingine miguu inawaka moto ndani ya kwato hadi mnyama hawezi kusimama. Porini farasi hutafuna hata saa 16 kwa siku, kidogo kidogo, kwa sababu tindikali ya tumbo lake haipumziki iwe lina kitu au halina. Kwa hiyo majani kwanza, tena mengi: kwa uchache kilo moja na nusu ya majani makavu kwa kila kilo 100 za uzito wake. Nafaka ni nyongeza, nayo igawanywe mara mbili au tatu, kila mlo usizidi kilo mbili.

Haya yamo vitabuni. Ufundi unaanza pale kitabu kinapokutana na Dar es Salaam, na hapa nitakaa kidogo.

Mji huu unaishi kwa pumba. Kuku anakula pumba, nguruwe anakula pumba, ng'ombe wa maziwa hawezi kukamuliwa bila pumba. Ni rahisi na zipo kila mahali. Farasi akipewa pumba kila siku hunawiri, manyoya yakang'aa, mwenyewe akafurahi, huku mifupa inaliwa taratibu. Pumba zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno. Za ngano zina fosforasi karibu mara kumi ya kalisi, ilhali farasi anahitaji kalisi iwe sawa na fosforasi au izidi. Damu ikikosa kalisi huifuata kwenye mifupa. Taya zinavimba, uso unatuna, mnyama anachechemea leo mguu huu, kesho ule. Zamani Ulaya walizoea kuuona ugonjwa huu kwa farasi wa wenye mashine za kusaga nafaka, maana hao ndio waliokuwa na pumba za bure.

Nawe ukidhani utaponea kwenye majani, majani nayo yana lao. Matete yanayofungwa mafungu na kubebwa kwa baiskeli kutoka mabondeni yana oksaleti, ambayo huishika kalisi tumboni isiingie mwilini. Ng'ombe anavumilia kwa kuwa tumbo lake la kwanza huivunja. Farasi hana tumbo la namna hiyo. Saisi niliyemzoea upande wa Kigamboni hupekua kila fungu linaloletwa. Ukoka anaupokea bila maneno. Matete anayachanganya kidogo, na siku hiyo chokaa ya mifugo inaongezeka horini. Hajawahi kunitajia oksaleti hata siku moja. Anasema tu kwamba matete "yanamla farasi kwa ndani", na sijaona kosa katika maelezo hayo.

Kipimo chake ni kopo la maziwa ya unga lililochorwa mistari kwa msumari. Kila mstari una chakula chake, kwa sababu kopo moja halina uzito mmoja: likijazwa pumba za ngano linakuwa jepesi, likijazwa mahindi uzito wake unakaribia mara tatu ya huo. Anayelisha kwa kopo bila kujua hilo anabadilisha posho ya mnyama kila anapobadilisha gunia. Jioni moja kijana wake wa kazi alimwuliza, "Mzee, leo amefanya kazi sana, nimwongezee shayiri?"

"Kesho anafanya nini?"

"Kesho anapumzika."

"Basi punguza, mwanangu. Mwongeze majani."

Huyo mzee hajasoma habari za farasi wa mikokoteni wa Ulaya, waliokuwa wakipumzishwa Jumapili na posho kamili ya nafaka, halafu Jumatatu asubuhi misuli ikakakamaa barabarani wakashindwa kupiga hatua. Lakini jibu lake lingewaponya.

Nafaka yenyewe ina hila. Mahindi yaliyopata unyevu huota kuvu, na sumukuvu tunaijua: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa farasi ipo aina nyingine inayotoka kwenye mahindi hayohayo, ambayo hulainisha ubongo, mnyama akazunguka kama kipofu na kufa ndani ya siku chache. Joto la Dar na unyevu wa masika ni karamu ya kuvu. Ile pua inayozama kwenye gunia, basi, si maringo. Hata hivyo pua haitoshi, kwani sumu inaweza kuwamo bila harufu, kwa hiyo wenye busara hupunguza mahindi na kutafuta mbadala. Pwani tunao mzuri tusioutukuza: mashudu ya nazi. Wanga wake ni mdogo, mafuta yaliyobaki yanatia nguvu isiyompandisha mnyama wazimu, na Australia farasi wa mashindano hulishwa hayo kwa heshima zote. Nayo yanunuliwe mapya, maana yakikaa yanavunda.

Lililo hatari kuliko yote ni ile mashine ya nyuma ya duka. Chakula cha kuku mara nyingi hutiwa dawa ya kuzuia kuhara damu, na miongoni mwa dawa hizo ipo monensini. Kuku anaivumilia. Farasi moyo wake unaharibika kwa kiasi kidogo sana, na dawa ya kuiondoa haipo. Mashine iliyotoka kuchanganya chakula cha kuku, isiposafishwa, inatosha kuleta msiba. Ndiyo sababu saisi wangu hanunui kilichochanganywa dukani hata kiwe nusu bei. Ananunua kila kitu peke yake na kuchanganya mwenyewe, kwenye karai lisilotumika kwa kazi nyingine.

Halafu jasho. Farasi hutoka jasho lenye chumvi kuliko damu yake, na kazi nzito kwenye joto inaweza kumtoa lita 10 au zaidi kwa saa. Hewa yetu imejaa unyevu, jasho halikauki, mwili haupoi. Wengine huchoka kabisa wakaacha kutoka jasho, na farasi asiyetoka jasho katika Februari ya Dar hana kazi ya kufanya. Kinga ya kwanza ni kivuli, maji mengi, kazi ya alfajiri, na chumvi ya kawaida ya jikoni: gramu 25 hivi kwa siku ya mapumziko, maradufu au zaidi siku ya kazi. Pale Kunduchi chumvi ilikuwa ikikaushwa juani mashambani, kando ya mikoko. Kopo la madini ya farasi kutoka ng'ambo, ukisoma lebo yake vizuri, sehemu kubwa ni hiyohiyo.

Simaanishi kwamba makopo yote ni upuuzi. Bayotini husaidia kwato dhaifu, ila kwato hukua chini ya sentimita moja kwa mwezi, hivyo anayetaka matokeo kabla ya mwaka kwisha anajidanganya. Seleniamu inahitajika, lakini kutoka haja hadi sumu ni hatua fupi: makopo mawili yenye seleniamu kwa pamoja yanaweza kunyonyoa mkia na kuachanisha kwato. Mwenye pesa huongeza kopo juu ya kopo. Fundi hujumlisha kwanza kilichomo katika yale aliyonayo.

Kama una farasi, au hata punda wa mkokoteni kule Chamazi, nakuomba jambo moja. Kabla ya kununua kopo lolote, nunua mizani ya kuning'iniza, pima fungu la majani analokula kwa siku, upime na kopo la nafaka unalomtilia. Kisha mwite saisi au mganga wa mifugo, mwoneshe tarakimu hizo, na umlipe kwa muda wake.