Macho Nyuma ya Kioo: Pembe Kwanza, Mwanga Baadaye

Picha nyingi za wapiga mbizi zina kasoro moja. Matumbawe yanapendeza, samaki wana rangi zao zote, lakini mahali pa macho pana kiza, au kioo kinang'aa kama bati jipya. Wengi hukimbilia kuongeza mwanga, ilhali chanzo cha tatizo ni pembe.

Ndani ya miwani ya kuzamia mna hewa. Mwanga utokao majini kwenda hewani hupinda. Ukikigonga kioo kwa mshazari mkali, zaidi ya takriban nyuzi 49 kutoka mbele yake moja kwa moja, hauingii hata kidogo; wote hurudishwa. Kanuni hii humbana mpiga picha mara mbili.

Kwanza, huyanyima macho jua. Miale ya jua ikishazama baharini huteremka kwa mwinamo mkali, wakati kioo cha anayetazama mbele kimesimama wima. Karibu yote hukigonga kwa mshazari uliopita kikomo. Mpira wa miwani ukiwa mweusi, hata upenyo wa juu na wa pembeni umezibwa. Pili, kamera ikikaa upande kupita kikomo hicho, haioni jicho tena. Inaona taswira ya maji yaliyo upande wa pili.

Tiba inafuata humo humo. Chagua miwani yenye mpira unaopitisha mwanga, na kioo kilicho karibu na uso: jicho lililo sentimita 3 nyuma ya kioo huonekana kana kwamba liko sentimita 4, hivyo miwani yenye kina hufanya macho yadidimie. Mpiga mbizi ainue kidevu kidogo, nawe umkabili. Flashi mbili zikibanwa kando ya lenzi, mng'ao wake hurudi kwenye picha. Zikitanuliwa mno, mwanga hauingii kwenye miwani. Kila moja ikimlenga kwa nyuzi 30 hivi kutoka mbele ya kioo, mwanga unaingia na mng'ao unapita kando. Akigeuza shingo, hesabu imebadilika. Zisogeze flashi upya.

James Cameron alikabili tatizo hili katika filamu ya The Abyss ya mwaka 1989, iliyopigwa ndani ya tangi kubwa kwenye kinu cha nyuklia kisichokamilika huko South Carolina, Marekani. Al Giddings ndiye aliyesimamia upigaji picha chini ya maji. Ili ionekane ni kilindini, uso wa maji ulifunikwa kwa shanga nyeusi za plastiki, jua lisipenye. Nyuso za waigizaji zilionekana kwa sababu taa ndogo ziliwekwa ndani ya kofia zao za kuzamia zenye kioo. Chanzo cha mwanga kikiwa upande wa macho, kioo hakina cha kuuzuia usiyafikie.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha kununua flashi yenye nguvu zaidi, angalia kioo kinaelekea wapi. Mara nyingi kidevu kilichoinuliwa na kamera iliyohamia mbele vinatosha kuyatoa macho gizani.