Changanya, chovya, mwaga: kasoro ya hatua ya tatu

Ukitafuta namna ya kutengeneza bodi ya saketi nyumbani, maelekezo mengi yatakupa hatua tatu: changanya asidi haidrokloriki na haidrojeni peroksaidi, chovya bodi mpaka shaba isiyotakiwa iishe, halafu mwaga. Hatua mbili za kwanza hatuna ugomvi nazo sana. Vitu vinapatikana na kazi inaisha haraka. Ugomvi wetu uko kwenye ile ya tatu, maana inamtupisha msomaji dawa ambayo ndiyo kwanza imeiva.

Hebu tazama dawa baada ya bodi kadhaa. Imegeuka kijani, na watu husema imechafuka. Kijani hicho ni kloridi ya shaba(II), na yenyewe inakula shaba: ioni moja ya shaba(II) inachukua elektroni kutoka atomu moja ya shaba kwenye bodi, zinatoka ioni mbili za shaba(I). Kadiri shaba(I) inavyozidi, rangi inaelekea kahawia na kasi inashuka. Hapo dawa imechoka tu, na kuiamsha ni rahisi: ipe oksijeni. Pampu ndogo ya hewa ya tangi la samaki inatosha. Puliza taratibu, nje ya nyumba, na kijani kinarudi.

Wapo wanaoshauri kuongeza peroksaidi kila mara. Ni afadhali kuliko kumwaga, lakini hesabu inawakataa. Bodi ya sentimita 10 kwa 10 yenye shaba ya unene wa mikromita 35 ina takriban gramu 3 za shaba. Kuila yote kwa peroksaidi ya famasi ya asilimia 3 kunahitaji karibu mililita 56. Bodi kumi tu, umeshaingiza zaidi ya nusu lita, karibu yote maji! Ukitumia peroksaidi kali na kuizidisha ndani ya asidi, inatoka klorini, gesi inayounguza mapafu.

Kitu kinachopungua kweli ni asidi: kama mililita 10 za asidi ya asilimia 32 kwa bodi hiyo hiyo ikiliwa yote. Ukiona utando mweupe juu ya shaba, ujue asidi imepungua. Maelekezo mengi hayagusi kabisa jambo hili.

Sasa, mwaga wapi? Shaba iliyoyeyuka ni sumu kwa samaki na mwani hata ikiwa kidogo. Kwenye shimo la maji taka inaua bakteria wanaoozesha uchafu. Kwenye mfereji wa mtaani, mvua itaipeleka mtoni.

Maelekezo mazuri yangeanza na chombo cha kuhifadhia: chupa ya plastiki yenye lebo, mbali na watoto, kifuniko kisikazwe mara baada ya kuweka peroksaidi kwa sababu inatoa gesi. Yangetaja glavu na miwani ya kinga kabla ya kutaja asidi. Na yangekwambia ukweli huu: kila bodi inaongeza shaba kwenye dawa, kwa hiyo ukiitunza itakuwa nyingi kuliko ulivyoanza. Ikizidi, mgawie mwenzako anayeanza. Siku ukiacha kabisa, iulizie maabara ya kemia iliyo karibu namna ya kuikabidhi. Sinki lisihusike.