Karani wa Coalbrookdale Atoa Ushahidi
Nani alikuwa wa kwanza kuyeyusha mawe ya chuma kwa koki, na lini? Uingereza ilibishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1864 mtaalamu wa madini John Percy alichapisha kwamba ni Abraham Darby wa pili, kati ya 1730 na 1735. Lakini katika miaka ya 1770 Abiah, mke wa Darby huyo, alikuwa ameandika barua akimpa sifa hiyo baba mkwe wake, Abraham Darby wa kwanza. Barua ya mkwe, tena ya zaidi ya nusu karne baada ya mzee kufariki, ni ushahidi wa kutiliwa shaka.

Daftari la hesabu ndilo lililokata shauri.

Daftari hilo la Coalbrookdale, kiwanda cha chuma cha Darby wa kwanza, linaanzia Oktoba 1708 hadi Januari 1710. Katika Januari 1709 yameandikwa malipo ya kuunguza makaa ya mawe yawe koki. Karani hakuwa na mtu wa kumtukuza. Alitaka fedha zilingane, basi. Msomaji awe macho, lakini: wakati ule mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi, hivyo Januari hiyo kwao ilikuwa bado 1708.

Tarehe ilikuwa sehemu rahisi. Ikiwa koki ilifaa, mbona wenye matanuru wengi waling'ang'ania mkaa wa miti kwa miaka 40 zaidi? Wengine walidai kuwa akina Darby walificha siri. Mwanahistoria Charles Hyde, katika kitabu chake cha 1977, alifanya jambo la kikarani hasa: alichukua vitabu vya kampuni, akakokotoa gharama kwa kila tani, kisha akazilinganisha na za matanuru ya mkaa. Ikabainika kwamba hadi miaka ya 1750 chuma ghafi cha koki kilikuwa ghali zaidi. Isitoshe, kilikuwa na silikoni nyingi, kwa hiyo kukisafisha kiweze kufuliwa kuliongeza gharama. Waliokikataa hawakuwa wazembe. Walijua kupiga hesabu.

Darby wa kwanza aliponeaje, basi? Jibu liko upande wa mauzo. Mwaka 1707 alipata hataza ya kusubu vyungu, yaani kumimina chuma kilichoyeyuka kwenye kalibu za mchanga. Silikoni ile ile iliyowakera wafuaji ilikifanya chuma kitiririke hadi kwenye pembe nyembamba za kalibu. Chungu kikawa chepesi, kikala chuma kidogo, na faida yake ikafidia ughali wa koki. Anayesoma safu ya gharama peke yake atadhani mzee huyu alikuwa mcheza kamari.

Kufikia 1755, mwanawe alipowasha tanuru la Horsehay, gharama zilikuwa zimegeuka: koki ilitoa chuma ghafi ambacho hata wafuaji walikinunua.