Kifundo cha Mguu Hakimo Kitabuni

Kuna vitabu vidogo vya kufundishia sala ambavyo huuzwa nje ya misikiti siku ya Ijumaa, pamoja na misuwaki, kofia na chupa ndogo za manukato. Fungua chochote kwenye ukurasa wa tahiyatu ya mwisho. Kitakwambia upitishe mguu wa kushoto upande wa kulia, ukalie kalio la kushoto, na usimamishe unyayo wa kulia huku vidole vikielekea kibla. Sentensi moja, labda mbili, kisha kinakwenda moja kwa moja kwenye maneno ya kusoma. Hakisemi popote kwamba mkao huo unauma.

Kwa aliyefundishwa akiwa na miaka saba, hauumi. Viungo vyake vilikua ndani ya mkao huo, kama vile mikono ya mtoto wa mvuvi inavyokua na kasia. Lakini mpe mkao huo mtu wa miaka thelathini aliyezoea kiti na benchi. Kidole gumba cha kulia kinaanza kuwaka, kifundo kinavuta, mguu wa chini unakufa ganzi, na imamu bado hajatoa salamu. Hapo ndipo linapomjia swali ambalo kitabu hakikumwandaa nalo: mbona wenzangu wametulia, na mimi natapatapa?

Ukimya huo ni kasoro ya uandishi, na ndivyo ninavyotaka kuusoma hapa. Vitabu vya sala vya Kiswahili vimemchagua msomaji wao bila kusema, na msomaji huyo hakukulia Tukuyu.

Tuanze kwa kuvipa haki yake. Fikihi iliyosomwa zaidi katika vyuo vya pwani yetu ni ya Kishafii, na mwanafunzi wengi wao alianzia kwenye Safinatun Najaa, kitabu kidogo cha Kiarabu alichokiandika Mhadhrami Salim bin Sumair katika karne ya 19. Katika karne ya 20 masheikh kama Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947) na Abdulla Saleh Farsy wa Zanzibar (1912–1982) walifanya kazi kubwa ya kuitia elimu hiyo katika Kiswahili. Sala na Maamrisho Yake ya Sheikh Farsy ni mfano mmojawapo. Kabla ya kazi za namna hiyo, asiyejua Kiarabu alimtegemea mwalimu kwa kila kitu. Baada yake, mtu aliye mbali na chuo aliweza angalau kushika karatasi.

Na si kweli kwamba fikihi imeusahau mwili. Safina inahesabu nguzo 17 za sala, na nne kati ya hizo ni kutulia tu: katika rukuu, katika itidali, katika sijida, na katika kikao cha kati ya sijida mbili. Viungo vya kusujudia vinatajwa kimoja kimoja: paji la uso, viganja viwili, magoti mawili, ncha za vidole vya miguu miwili. Ni vigumu kupata maandishi yenye jicho kali zaidi juu ya mahali mwili ulipo. Tatizo ni kwamba jicho hilo linatazama kutoka nje. Linajua goti limefika chini. Halijui lilifikaje.

Sasa kipeleke kitabu hicho Rungwe. Wamisionari wa Kimoravia na wa Kilutheri walifika Unyakyusa mwaka 1891, na hadi leo wilaya hii ni ya Wakristo kwa sehemu kubwa. Waislamu wapo, hasa mjini Tukuyu, lakini ni wachache. Kwa hiyo anayejifunza sala hapa mara nyingi ni mtu mzima: aliyeolewa au kuoa, aliyesoma akashawishika, au aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu ambayo hakuna aliyepata kumfundisha. Hakuwa na baba wa kumtazama mgongo kila alfajiri. Huenda asubuhi amechuma chai au amelima viazi kwenye mteremko, na magoti yake yana kazi zao. Mwezi wa Juni na Julai maji ya udhu yanakata vidole, mvua za masika zimeacha tope hadi mlangoni, na kabla ya kufika kwenye mkeka ana viatu vya mpira vya kuvua na miguu ya kuosha mara mbili, moja kwa tope na moja kwa ibada. Kitabu kilichoandikwa mahali ambapo maji ya asubuhi ni ya vuguvugu kinasema tu, osha miguu hadi kwenye vifundo viwili. Hapo kifundo kimetajwa, kwa ajili ya kuoshwa. Kikianza kuuma, hakitajwi tena.

Halafu mwili huo unaofundishwa si karatasi tupu. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu jinsi heshima ilivyowekwa mwilini, hasa mwili wa mke: jinsi alivyopaswa kumkwepa baba mkwe, kutomtazama, hata kutolitamka jina lake. Mengi yamelegea tangu wakati huo, lakini adabu ya kuinama na kushusha macho mbele ya mkubwa haijaisha. Basi mfikirie binti wa Rungwe aliyeolewa katika nyumba ya Kiislamu. Anajifunza sijida katika nyumba ambayo wakwe wako chumba cha pili. Mwili wake unajua tayari kwamba kuinama ni kwa ajili ya watu fulani, na kwamba kuonekana umeinamisha paji la uso hadi chini huku umeinua nyonga ni jambo la aibu. Anaambiwa sasa kwamba huo ndio wakati wa kuwa karibu zaidi na Mungu. Anaamini. Mwili unachelewa kuamini. Akifungua kitabu chenye michoro, aghalabu aliyechorwa ni mwanamume, peke yake, hana uso, na nyuma yake hakuna mtu.

Mchoro huo usio na watu unanisumbua kuliko yote, kwa sababu nusu ya dhiki ya kujifunza sala haimo kwenye misuli. Imo kwenye macho ya wengine. Maamuma mgeni katika safu anasali kwa pembe ya jicho. Wakishuka, anashuka nusu sekunde nyuma yao. Wakiinuka kutoka sijida ya pili, yeye hajui kama ni kukaa au kusimama, hivyo anasita katikati, mikono ikiwa magotini, na anahisi kwamba msikiti mzima umeliona hilo. Ulimi nao una mambo yake. Kinyakyusa hakina ain wala qaf, na Kiswahili cha shuleni hakikumsaidia. Kwa hiyo anasoma Alhamdu kwa sauti ya chini kabisa ili asisikike, kisha anaogopa kwamba chini kabisa hiyo haitoshi.

Ungetegemea simulizi za waliosilimu zijaze pengo hili. Hazijazi. Tangu mihadhara ya kulinganisha dini ilipovuma Tanzania katika miaka ya 1980, ushuhuda wa kusilimu umekuwa na umbo moja: mtu alikuwa na maswali, akalinganisha aya na aya, hoja ikamshinda, akatamka shahada. Hadithi inaishia pale ambapo mwili ungeanza kazi. Hatusikii kitu juu ya Jumanne inayofuata, saa kumi na moja alfajiri, yule mshindi wa hoja alipokuwa amejifungia chumbani na karatasi yenye maneno ya tahiyatu ameiweka mkekani, anaisoma kwa kuinamisha shingo. Waandishi wa ushuhuda wanaiona sehemu hiyo ndogo mno. Mimi naona ndiyo iliyo ngumu kuiandika, kwa kuwa haina mpinzani wa kumshinda.

Fasihi imefanya vizuri kidogo. Katika Paradise ya Abdulrazak Gurnah (1994), iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kama Peponi katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kijana Yusuf anapelekwa bara, kwenye mji mdogo wa mlimani. Huko, katika mwezi wa Ramadhani, inagundulika kwamba hajui kusoma Kurani. Wenyeji wake wanashtuka kana kwamba wamegundua ugonjwa, na anapelekwa chuoni kukaa na watoto wadogo kuliko yeye. Gurnah anajua kitu ambacho vitabu vya sala havijui: kujifunza umechelewa ni suala la mahali unapokaa na nani anakutazama. Kijana mrefu kati ya watoto, magoti yamejitokeza juu ya safu ya vichwa, ni picha inayofundisha fikihi yake yenyewe. Hata hivyo Yusuf alizaliwa Mwislamu, na aibu yake ni ya kutojua alichopaswa kukijua. Aliyetoka kwenye benchi la Wamoravia hakupaswa kujua chochote, na bado anaona aibu ile ile. Hilo bado halijapata mwandishi.

Kinachonishangaza ni kwamba riwaya za kale kabisa za sala zilishaliandika. Katika Sahihi Muslim yumo Muawiya bin Hakam, mtu ambaye anakiri mwenyewe kwamba alikuwa ametoka karibuni tu katika ujahilia. Anasimulia kwa nafsi ya kwanza. Alikuwa katika safu nyuma ya Mtume, mtu akapiga chafya, naye akamwombea rehema kwa sauti. Watu wakamkazia macho. Akauliza, katikati ya sala, wana nini hata wamtazame hivyo, nao wakaanza kupiga mapaja yao kumnyamazisha. Baada ya salamu anaandaa msomaji kwa karipio, kisha anasema kwamba hajapata kuona mwalimu bora: hakumkunjia uso, hakumpiga, hakumtukana. Alimweleza tu kwamba maneno ya watu hayana nafasi katika sala.

Isome kama mwandishi. Angeweza kuhifadhi hukumu peke yake, kwamba kusema kunaharibu sala, na vitabu vyetu ndivyo vilivyofanya: vimechukua mstari wa mwisho vikauweka kwenye orodha ya yanayobatilisha. Yeye aliyabakiza macho, mapaja yanayopigwa na woga wa karipio, kwa sababu bila hivyo upole wa mwalimu hauonekani. Ndivyo ilivyo katika riwaya ya mtu aliyerudishwa mara tatu kusali upya, mpaka akasema hawezi kufanya vizuri zaidi ya hapo, afundishwe. Ndivyo ilivyo kwa Imran bin Husain, aliyekuwa na bawasiri, akauliza asali vipi, akaambiwa asimame, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Ugonjwa umetajwa kwa jina lake, usio wa kuvutia, na kanuni nzima ya sala ya asiyeweza imetundikwa juu yake. Na msomaji wa Kurani anayekwama na kutaabika, yule mwenye ulimi usio na qaf, ameahidiwa malipo mara mbili. Taabu iliandikwa ikiwa sehemu ya elimu.

Mtu anaweza kunijibu kwamba kitabu cha sala si insha. Kazi yake ni kusema nini kinasihi na nini hakisihi, kwa ufupi, na mambo ya maumivu ni ya mwalimu aliye mbele ya mwanafunzi. Ni jibu zuri, mahali penye mwalimu. Atasema pia kwamba ukianza kuzungumzia magoti utafungua mlango wa uvivu. Hili silikubali. Mvivu hahitaji kitabu. Anayeumia ndiye anayekihitaji, na akikikosa hujitungia maelezo yake: kwamba maumivu ni dalili kuwa hakubaliwi, au kwamba sala ni ya watu wa pwani na miili yao. Anaanza kuja msikitini akichelewa ili akae safu ya nyuma. Baadaye haji. Jamii ya wachache kama ya Tukuyu inampoteza mtu hivyo, kwa kimya, na hakuna anayejua kwamba ilikuwa ni kifundo cha mguu.

Na jambo lenyewe lilikuwamo kitabuni muda wote, limefichwa na mpangilio. Katika fikihi hiyo hiyo ya Kishafii, nguzo ni kukaa. Namna ya kukaa, mguu huu chini ya ule, vidole kuelekea kibla, ni sunna. Ukikaa vyovyote unavyoweza, sala imesihi. Mwanafunzi wa chuoni analijua hilo kwa sababu mwalimu alilisema akiwa anamnyoosha mguu. Msomaji wa Rungwe anakutana na sunna ukurasa wa 30, katika orodha ndefu, baada ya kuwa ameumia kwa wiki sita akidhani anabeba nguzo.

Kwa hiyo ninachokiomba kwa mwandishi anayefuata wa kijitabu cha sala ni kidogo. Pale anapoeleza tahiyatu, aongeze sentensi tatu. Mkao huu utakuuma siku za mwanzo, hasa kifundo na kidole gumba. Unaweza kukaa namna nyingine, na sala yako ni sahihi. Wa mbele yako naye aliuma siku zake. Na kwa waandishi wa simulizi za kweli: yuko mtu sasa hivi Tukuyu anayetandika mkeka kuelekea kaskazini, akielemea mashariki kidogo, maana kibla ya mji huo iko upande ule ule wa Mlima Rungwe. Mlima ameujua maisha yake yote. Mguu ndio ambao hajui auweke wapi. Andikeni kuhusu mguu.